Muguu ulibaki Masisi, ufundi alirudi nao Goma

Saa kumi na mbili ya asubuhi kwenye Petite Barrière, pale Goma inapoachana na Gisenyi, walemavu wamekwisha kupanga trisikle zao kwa mustari. Si zile trisikle ndogo za kukaa tu. Hizi zimeongezwa urefu, vyuma vya chini vimechomelewa upya, kasha kubwa imewekwa nyuma ya kiti, na muzigo wa kilo mia kadhaa unafungwa kwa kamba za mpira. Mwenye trisikle anashika usukani na freni, vijana wawili ao watatu wanasukuma kwa nyuma. Sisi watu wa Goma tumezoea kuwaona mpaka hatuwaoni tena. Mupaka ulipofungwa mwezi wa tatu 2020 juu ya Covid-19, ndipo wengi walielewa ni familia ngapi zilikuwa zinakula kwa yale magurudumu.

Siku moja nilisimama pale na mwenzetu mmoja, bwazere wa zamani, ni kusema ule fundi mwenye kuweka miti ya kushikilia shimo lisianguke. Anatembea na protezi chini ya goti la kuume. Nilifikiri anaangalia watu. Kumbe anaangalia chuma. Akauliza mwenye trisikle mmoja: «Mukubwa, hii chasi nani aliichora?» Ule akajibu: «Miye mwenyewe. Nilichora na chaki chini, fundi akachoma tu. Ya kwanza ilivunjika hapa, ya pili ikavunjika pale, ya tatu njo hii.»

Bwazere akanigeukia, akaniambia: «Unaona? Huyu ni injeniere.»

Nimebeba ile neno mpaka leo, na ndiyo sababu ninaandika.

Nieleze kwanza ajali yake, hata kama wengi wenu mutaona ni sawa na ile munayoijua ninyi. Ilikuwa kwenye kariere moja ya Masisi, wakati wa mvua, udongo umelowa. Alikuwa amemwambia PDG wa shimo kwamba miti ya upande moja imeoza, inafaa eukaliptusi mpya. PDG akasema ngoja tuuze kwanza lot hii. Jiwe likashuka, likamukuta ule ule mwenye kuomba miti. Wenzake walimutoa kisha saa tatu hivi, wakamubeba juu ya tipoi mpaka barabarani, kisha moto, kisha gari. Kwenye lopitali waganga walijaribu, lakini muguu ulikuwa umekwisha kufa. Wakakata.

Sisi wa sendika tulifanya nini? Mimi ndiye niliyepitisha kofia. Tulichanga feza, tukanunua muchele na mafuta, tukamupa bibi yake bahasha, tukapiga foto. Nikaandika kwa kitabu chetu: «Kesi imekwisha.» Alikuwa na miaka 38 na watoto watano. Kesi ya mutu wa miaka 38 inaisha namna gani kwa mufuko wa muchele? Miaka miwili ilipita mbele nijiulize.

Mutu wa kampuni, kama patro amemuandikisha CNSS na analipa kila mwezi, ajali ya kazi ina njia yake: matunzo, na kama ulemavu unabaki, kuna malipo. Muchimbaji wa mikono hana patro aliyemuandikisha. Sheria ya mines ya 2002, vile ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inamutaka aingie koperative. Vizuri. Lakini koperative nyingi ninazozijua zina daftari la kilo, hazina daftari la ajali. Uliza kwenu: mwaka uliopita waliumia wangapi? Wako wapi leo? Utaona watu wanaangaliana.

Bibi yake aliniambia kitu kimoja kwa sauti ya chini, bwana yake asisikie. Alisema muguu haukumuliza sana. Kilichomuliza ni siku watoto walipoanza kuomba feza ya masomo kwake tu, wakimupita baba yao pale alipokaa, kama kiti.

Protezi aliipata Shirika la Umoja, kituo cha walemavu hapa Goma ambacho CICR inasaidia. Nilimusindikiza mara tatu. Nilikuwa nafikiri muguu wa bandia unatoka Ulaya ndani ya karto, na namba kama kiatu. Hapana. Wanafunga kwanza kisiki cha muguu na bande ya plasta, ikauke, waitoe: hiyo ni kalibu. Ndani yake wanamwanga plasta ingine, wanapata mufano wa muguu kamili. Fundi anaukwaruza polepole, anapunguza pale nyama inaweza kubeba uzito, anaongeza pale mufupa umetokeza na unaumia upesi. Kisha anapasha moto bamba la plastiki ndani ya furu mpaka lilegee, analivika juu ya mufano, pompi inavuta hewa yote, plastiki inashika umbo. Ndipo anaunga bomba na unyayo. Halafu anaanza kupima: santimita moja nje, nusu ndani, mutu atembee kati ya vyuma viwili, arudi, wapime tena. Masoni na nivo yake hafanyi tofauti. Kisha miaka michache protezi inachakaa, inafaa ingine; mutoto yeye anabadilisha mara kwa mara kwa sababu anakomaa.

Na kazi haipungui pale. Juu ya wachimbaji na watu wa moto, kuna vita. Kisha mapigano ya mwezi wa kwanza 2025 hapa mujini, lopitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi mpaka wengine wakalala nje chini ya hema. Wengi wao ni vijana, wengine ni mafundi. Watarudi kwa kazi gani?

Bwazere wetu alipojua kutembea tena, hakutaka kuuza kadi za simu. Alitaka shantie. Goma inajengwa kila siku, ikiungua inajengwa tena; Nyiragongo ilifunika katikati ya muji 2002, ikarudi kwa mitaa ya kaskazini 2021, na watu wamejenga juu ya lile jiwe jeusi, tena na lile jiwe jeusi. Yeye akasema: mutu aliyejua uzito wa mulima unashukia wapi, poto ya nyumba itamushinda? Akajifunza feraji kwa jirani, jioni kwa jioni.

Kwa wasiojua: poto ya santimita 20 kwa 20 inabeba ndani yake vyuma virefu vinne, na vinafungwa na etriye, vile vyuma vidogo vya pembe nne, 15 kwa 15, ili betoni ibaki santimita mbili na nusu kila upande, chuma kisiote kutu. Etriye moja inakula chuma cha 6 karibu santimita 70 pamoja na ndoano. Ukiziweka kila santimita 15, poto ya mita tatu inaomba 21. Nyumba ya poto 12 inaomba 252. Zote hizo zinakunjwa na grife juu ya meza yenye misumari. Mutu amesimama ao amekaa, meza haiulizi.

Alipokwenda kuomba kazi kwenye shantie ya kwanza, kapita, kijana ambaye angekuwa mutoto wake, alimuangalia chini mbele ya kumuangalia uso. Akasema: «Papa, hapa ni mawe matupu. Utaanguka, utatuletea makelele. Rudia nyumbani, upumuzike.»

Yeye akajibu: «Mwanangu, muguu njo ilikuwaka inakunja fer?»

Watu wakacheka, hata kapita. Wakamupa meza. Lakini jioni wakati wa kulipa, akapewa nusu ya bei ya kila etriye. Sababu? «Wewe tumekusaidia.» Etriye zilikuwa sawa na za wengine, pembe zilikuwa nzuri kupita za wengine (nilipima mimi mwenyewe, na mimi si rafiki wa kusifu bure). Hapo ndipo sendika iliamuka. Tulikwenda watu wanne, bila matusi, tukaweka juu ya meza etriye yake na ya mwenzake, tukaomba kapita aonyeshe ile ya nusu bei. Alishindwa kuchagua. Ilichukua wiki mbili, lakini bei ikawa moja.

Tena ni asubuhi moja tu ilitosha kutengeneza ile fasi yake ya kazi. Meza ilihamishwa karibu na kiingilio, pembeni ya rundo la vyuma, asivuke mawe. Mbao mbili za mita mbili zikalazwa juu ya jiwe baya. Kigoda kikapatikana. Hakuna aliyeandika mradi wala kungoja ONG. Mwisho wa wiki, masoni wengine nao walikuwa wanapitisha bruete juu ya zile mbao, kwa sababu ni rahisi kuliko kuruka.

Watu wanafikiri kazi ya kujenga ni miguu na mabega. Nitawapa mufano mumoja wa mbali, kwa sababu unafanana na shimo. Kule New York, Marekani, kuna daraja la Brooklyn. Injeniere wa kwanza, John Roebling, alipondwa muguu na chombo pale ufukweni wakati anapima, akafa na pepopunda 1869, kazi haijaanza. Mutoto wake Washington akashika. Ili kuweka nguzo chini ya muto, watu walishuka ndani ya masanduku makubwa ya mbao yaliyojazwa hewa kwa nguvu ili maji yasiingie. Ninyi munaojua hewa ya chini, munaelewa. Wakipanda haraka, mwili unaumia, wengine walikufa. Injeniere mwenyewe alivunjika na ule ugonjwa 1872, akashindwa kutembea kama zamani, hakuweza tena kurudi shantie. Hawakuzima kazi, wala hawakumutupa. Alibaki chumbani, akiangalia daraja kwa dirisha na darubini, akahesabu na kuandika, na bibi yake Emily akapeleka maagizo kila siku kwa wafundi, mpaka naye akajua ile kazi sawa na injeniere. Daraja lilifunguliwa mwezi wa tano 1883. Magari yanapita mpaka leo.

Huyo alikuwa mutoto wa tajiri, mutasema. Kweli. Basi turudi kwetu Afrika. Kenya, karibu na Mombasa, kuna karakana za Bombolulu, zilianza 1969. Walemavu wanatengeneza vitu vya mikono na viti vya magurudumu. Kampala, mama mumoja mulemavu, Fatuma Acan, alijifunza kutengeneza viti vya magurudumu, akaanzisha karakana ya wanawake walemavu wenye kukata na kuchomelea chuma wao wenyewe. Aliyemufundisha ile kazi kule Marekani ni Ralf Hotchkiss, injeniere mwenye kuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali ya moto 1966. Mutu wa kukaa ndani ya kiti ndiye anajua kiti kinavunjika wapi. Ule wa Petite Barrière alisema neno lile lile, na hawajawahi kuonana.

Sasa sheria. Hapa wengi wanafikiri tunaomba huruma, kwa hiyo nitasema polepole. Katiba yetu ya 2006, kifungu 49, inasema mutu mulemavu ana haki ya ulinzi wa pekee kufuatana na mahitaji yake. Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu mwaka 2015. Kifungu 27 cha yale mapatano kinazungumuza kazi, na kinataja wazi hata wale wanaopata ulemavu wakati wanatumika. Ni sisi hao! Kinaomba pia fasi ya kazi itengenezwe kwa namna inayowezekana ili mutu aweze kutumika: zile mbao mbili na kigoda. Kisha tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria ya nchi, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za mutu mwenye ulemavu. Tanzania wao walikwenda mpaka hesabu: sheria yao ya 2010 inaomba patro mwenye watu 20 na zaidi achukue walemavu asilimia 3. Mimi sipendi hesabu za karatasi bila mukaguzi, lakini patro akijua kuna hesabu, anaanza angalau kutafuta.

Hapa kwetu nimekwisha kuchapisha ile 22/003 na kuipeleka kwa koperative mbili. Moja waliisoma. Ingine walinijibu: «Hiyo ni ya watu wa biro.»

Sitawadanganya. Kushuka shimo kwa kamba na protezi, sitamuomba mutu afanye, na nitagombana na atakayemutuma. Lakini muhesabu kazi za juu. Kuchagua na kukata miti ya bwazere, na kukataa ile mibaya. Kunoa burini kwa mufua. Kuangalia motopompe na masini ya hewa: mutu wa pale anapolala, watu wanakufa chini, kwa hiyo wekeni pale mutu anayejua kifo ni nini. Kupima kilo, kuandika lot. Kufundisha vijana wapya mbele washuke. Wengi wa kazi hizo leo zinapewa mutoto wa dada ya PDG, mwenye miguu miwili na simu mukononi.

Na ulemavu si miguu tu. Mama wenye kupasua mawe ya volkano hapa Goma, wangapi wamepoteza jicho kwa kipande kilichoruka, na miwani ya kujikinga haiko? Wachimbaji wangapi hawasikii vizuri tena, wanaficha, wanaitika «ndiyo» kwa maneno ambayo hawakuyasikia? Hao wako kazini tayari. Shimoni, mutu asiyesikia anaomba alama ya taa ao kamba ya kuvuta. Ni kitu cha kupatana mbele ya kushuka.

Kuna tena watoto. Binti wa muchimbaji mumoja tunayemujua, alipata polio akiwa mudogo, anatembea na fimbo mbili. Anajua hesabu kupita kaka zake. Aliomba kuingia masomo ya konstriksio. Mukubwa wa ile shule, ambayo sitaitaja, alimwambia baba yake: «Kwa nini musimupeleke kushona?» Hakuna ubaya katika kushona. Lakini hakumuuliza mutoto hata swali moja la hesabu. Sala ya kuchora plani iko juu, ngazi kumi na nne, nilizihesabu, na hakuna aliyefikiri meza za kuchora zinaweza kushuka chini. Kuchora, kuhesabu betoni, kufanya devi, kupima uwanja kwa masini: muniambie ni wapi fimbo mbili zinazuia. Baba alitaka kukubali kushona. Bwazere wetu ndiye alimukataza. Walizungumuza jioni nzima, na sasa binti anakuja siku ya Posho kwake kujifunza kusoma plani ya feraji. Shule mupya bado tunatafuta.

Namalizia na jambo lenye kutuchoma sasa hivi. Biro ya koperative yetu ina ngazi tatu pale mulangoni. Kila moja santimita 17. Mwanachama akiumia, fasi ya kwenda kusema shida yake ni pale juu ya zile ngazi. Wawili kati yetu wanabaki nje wakati wa mukutano, wanasikiliza kwa dirisha.

Bwazere alipima na futi. Ngazi tatu ni santimita 51. Kwa rampa ambayo mutu wa kiti anaweza kupanda peke yake, inafaa santimita 12 za urefu kwa kila santimita moja ya kimo: mita 6 na santimita 12. Uwanja ule una mita 4 tu mpaka kwa njia. Watu wakasema: basi, haiwezekani. Yeye akachukua chaki, akachora chini rampa yenye kona, nusu huku, fasi bapa ya kupumuzika na kugeuka, nusu kule. Upana mita moja. Mawe ya volkano yako pale pale, bure. Simenti alihesabu mifuko sita.

Prezida wa koperative anasema feza haiko, na kwamba neno hilo litapita kwa mukutano mukubwa wa mwisho wa mwezi. Mawe tumekwisha kuyapanga nje, yamefuata chaki. Sendika imeleta mifuko miwili, wenye trisikle wa Petite Barrière wameahidi kuileta ingine miwili juu ya gari lao. Inabaki miwili. Mukutano utaanza saa tatu; wenye kuwa nje, muje mukae karibu na dirisha, mutasikia.